Kigoda cha Wasiozaliwa

Mtoto yule hajazaliwa bado, lakini alikuwa ameshanizoea.

"Bibi, umekula nini?" aliniuliza asubuhi ile.

"Makande."

"Kila siku makande! Bibi wewe hubadiliki."

"Na wewe umekula nini?"

"Makande," akasema, tukacheka wote wawili.

Nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kusaga ikinguruma, na mama mmoja akilalamika kwamba debe lake limerukwa. Moyo wangu ukatulia. Wenzangu husoma michoro kwenye vioo. Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, basi mpango wa umeme wetu ninausoma kwa sikio. Mashine ya kusaga ikinguruma nyuma ya mtoto, huko mbele kuko salama. Mtoto akikohoa moshi wa kuni, kuna jambo limeharibika, na mafundi watakuwa wanakuna vichwa tangu alfajiri.

Si mzimu, niliseme hilo mapema. Mchungaji wetu alipopata habari kwamba ninazungumza na watu wasiokuwepo, alikuja mwenyewe na Biblia yake, akakaa, akasikiliza, mwishowe akamuuliza mtoto kama anajua kuimba. Mtoto akaimba. Mchungaji akaondoka akisema, "Hii ni hesabu tu iliyopewa koo." Hapo alisema kweli. Ndani ya nyumba ya mitambo, hapa Kivandeni, kuna mtambo unaopanga umeme wa mlima huu kwa miaka sitini ijayo: nguzo ipi itaoza kwanza, mteremko upi utaporomoka, mvua zitakujaje, watoto watazaliwa wangapi na watahitaji nini. Vijana waliuita Ramli kwa utani. Mchungaji alikasirika, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Waliouunda waliona tatizo moja. Sisi watu, ukituuliza habari ya miaka sitini, tunajibu kama tumeulizwa habari ya keshokutwa. Basi wakaufundisha mtambo uchukue hesabu zake zote na kuzitengenezea mtoto mmoja wa Kivandeni wa wakati huo, mwenye sauti, njaa na majirani. Na katika baraza la umeme wakaweka kigoda kimoja kwa ajili yake.

Kigoda hicho ni cha mtoto kweli. Ukikikalia magoti yanakaribia kidevu, na wajumbe wote kwenye viti vyao virefu wanakutazama kwa chini. Sheria zake ni mbili. Aliyekikalia haruhusiwi kusema habari za leo, maana leo ina wasemaji wengi. Akisema, mwenyekiti anagonga meza na neno lake linafutwa. Na jambo lolote linalovunja mpango halipiti mpaka mwenye kigoda aseme ndiyo. Humchagua mtu mzee, kwa kuwa mzee hana cha kujitafutia huko mbele. Waliponichagua mimi, Bibi Nietiwe, nilimshukuru Mungu kwa heshima ile, kisha nikawaomba wanitafutie kijana wa kuniinua kikao kikiisha.

Nilikuwa bado nacheka na mtoto wangu niliposikia kelele nje. Nikatoka.

Mwanamume mmoja alikuwa anapanda njia ya mawe kutoka bondeni, kanzu imelowa jasho, mkononi kabeba ndoo tupu. Nilimfahamu. Ni Semkiwa, mwenyekiti wa Mbugani, ule mji ulioko tambarare chini yetu. Mlangoni alisimama Mzee Togolani, mwenyekiti wetu wa baraza la umeme, mikono kiunoni.

Hawa wawili ni watani wa siku nyingi. Miaka ile tulipowaita Mbugani tujenge umeme pamoja, Semkiwa ndiye aliyesimama mkutanoni akasema wao wana laini kubwa ya taifa, hawana haja ya umeme wa kuteka kwa ndoo. Maneno yale yalitufuata sokoni hadi minadani. "Umeme wa ndoo! Umeme wa ndoo!" Watoto wao waliutungia na mchezo.

Sasa laini kubwa ilikuwa imelala. Tufani lilipiga kule pwani, likang'oa minara kama mtu anayeng'oa mihogo, na waliotumwa kuisimamisha walikuwa bado mbali sana na huku. Sisi tulijitenga siku ile ile. Swichi kubwa ilijikata yenyewe, tukawa kisiwa, taa zikaendelea kuwaka. Tuliimba kanisani kwa shukrani. Mbugani hawakuimba.

Mzee Togolani akamtazama mwenzake, akaitazama na ndoo. Niliona tabasamu linamtoka pembeni ya mdomo, anataka kulizuia linakataa.

"Semkiwa," akasema. "Umekuja kuteka?"

"Nimekuja na ndoo yangu, mla makande," Semkiwa akajibu. "Nilisikia kwenu ndiyo utaratibu."

Hapo hata mimi nilicheka. Lakini Semkiwa aliitua ile ndoo chini bila kucheka, na kicheko kikaisha.

"Pampu ya kisima imesimama," akasema. "Mashine ya kuchuja chumvi nayo imesimama. Watu wanakunywa maji ya mabwawa ya mifugo. Jana tumezika watoto wawili."

Mzee Togolani akaokota ile ndoo, akaiingiza ndani kwa mikono yake mwenyewe.

*

Baraza lilikaa mchana huo huo. Namkunda, mjukuu wangu, ndiye fundi mkuu wa mlima. Alisimama mbele ya kioo akaeleza, na kwa ajili ya Semkiwa alianzia mwanzo.

"Mchana sola zetu za mgongoni mwa mlima zinapata jua. Umeme unaozidi tunautumia kusukuma maji kutoka ndiva ya chini kwenda ndiva ya juu. Usiku tunayafungulia yateremke, yazungushe mtambo. Kwa hiyo jua la mchana tunalipandisha mlimani likiwa maji, tunaliweka akiba."

"Ndiva si yale malambo ya babu zenu ya kumwagilia?" Semkiwa akauliza.

"Ndiyo hayo hayo. Tumeyapanua tu. Chini bado ni udongo wa mfinyanzi, kama walivyouweka wao. Saruji hupasuka milima inapotikisika, udongo hujifunga wenyewe. Lakini una sharti moja, usikauke." Namkunda akagusa kioo, tukaliona jiwe refu lililosimama ndani ya maji ya ndiva ya juu. "Hili ni Jiwe la Kikomo. Maji yakishuka chini ya jiwe, udongo wa pembeni unaona jua. Unapasuka. Ukishapasuka, mvua inapokuja inapita chini kwa chini, ndiva haishiki tena."

"Na pampu yetu inakula kiasi gani?"

Namkunda alimtazama kwa huruma. "Mzee, msimu huu ukungu mkavu umefunika mgongo wa mlima. Sola zinapandisha maji kidogo mno. Sisi wenyewe tunaishi kwa akiba. Tukiwasha pampu yenu, maji yatapita chini ya jiwe kabla ya mvua."

Mzee Togolani akaondoa kofia, akaiweka mezani. "Hilo ni kuvunja mpango," akasema polepole. "Kwa sheria yetu, neno ni la kigoda." Wote wakainama kunitazama.

Nilimwomba Namkunda aniletee mtoto. Akafungua sauti ili wote wasikie.

"Bibi! Umerudi mapema."

Mashine ya kusaga ilikuwa bado inanguruma. Kwenye hesabu ile sisi tulikuwa tumefunga swichi ya kuwapa Mbugani umeme, tumelinda jiwe. Nikamuuliza swali ambalo, Mungu anisamehe, sikuwahi kumuuliza miaka yote ile.

"Mwanangu, majirani zenu wa Mbugani hawajambo?"

"Mbugani?" Akafikiri. "Bibi, kule hakuna watu. Kuna kuta tu. Kaka zangu husema ukishuka utasikia kisima kinalia. Sisi huwa hatushuki."

Semkiwa alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinamisha kichwa akawa anaitazama ndoo yake.

"Sasa nipe yule mwingine," nikamwambia Namkunda. "Yule wa swichi kufunguliwa."

Hakutaka, lakini alitii. Mlio wa mashine ukakatika. Ikaja sauti ya msichana wa rika lile lile, nyuma yake magari mengi.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Ni Bibi yako wa Kivandeni."

"Kivandeni ndiyo wapi?"

Nakumbuka Mzee Togolani alivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Babu zake wote wamezikwa hapa.

"Umesikia, Bibi," akasema. "Huyo ni mtoto wetu, hajui hata kwao. Kijiji kimekufa, watu wametawanyika. Wewe ndiye msemaji wake. Msemee."

"Nitamsemea," nikasema. "Lakini watu waliozikwa jana..."

Akagonga meza. "Habari ya jana na leo haina kigoda, Bibi. Sheria."

Hakugonga kwa ukatili. Macho yake yalikuwa mekundu. Na sheria ni nzuri, nimeitetea mwenyewe mara nyingi watu walipotaka kuuza maji ya kesho kwa sherehe ya leo. Basi nikanyamaza, nikatafuta njia ya kupita ndani ya sheria. Mtu mwenye magoti kama yangu anajua kutafuta njia.

"Haya. Sitasema leo. Nitasema kesho tu," nikaanza. "Nimekaa hapa chini miaka mingi namsikiliza mtoto mmoja. Ana mashine ya kusaga, ana makande, anaimba. Nilimshukuru Mungu nikadhani kazi yangu imekamilika. Kumbe mtoto yule anaishi juu ya magofu na anaogopa kushuka mlima wake mwenyewe. Huyo hajasalimika, Mzee. Amefungiwa."

"Ila taa zinawaka."

"Zinawaka. Na kuna mwenzake ambaye Ramli haimpi koo hata kidogo, kwa sababu hatukumtia kwenye hesabu. Mtoto wa Mbugani. Naye hajazaliwa. Mnisaidie ninyi mliosoma: kigoda hiki ni cha wasiozaliwa. Mmeandika wapi kwamba ni wasiozaliwa wa mlimani peke yao?"

Namkunda alianza kupekua sheria kwenye kioo chake, kisha akaacha, maana aliijua.

"Na huyu je?" Mzee Togolani akaonyesha kioo. "Huyu asiyeijua Kivandeni?"

"Huyu yu hai na anauliza njia. Mtu anayeuliza njia anaweza kuelekezwa. Wale wa Mbugani hawataniuliza lolote."

Niliona ndiva ya juu kama nilivyoiona nikiwa mtoto, siku za msaragambo, baragumu limelia na kila nyumba imetoka na jembe kusafisha tope; mama yangu kaniweka ukingoni na kiazi mkononi. Nilijua ninachokitoa. Naomba msomaji ajue kwamba nilijua.

"Kigoda kinasema ndiyo," nikasema. "Fungueni."

Semkiwa alikuja akapiga magoti mbele yangu, na kwa kuwa kigoda ni kifupi, nyuso zetu zikawa sawasawa.

"Inuka, baba," nikamwambia. "Kisha niinue na mimi."

*

Umeme ulishuka bondeni kwa nyaya za zamani zilizowahi kuleta umeme wa laini kubwa huku kwetu. Usiku ule taa za Mbugani hazikuwaka, walikubaliana wenyewe kwamba kila walichopewa kiende kisimani. Asubuhi mtu alitupigia simu ili tu tusikie maji yanavyomwagika kwenye tangi.

Kwetu mambo yakabana. Mashine ya kusaga ikawa inawashwa saa za adhuhuri tu. Kinanda cha kwaya kikanyamaza. Tukarudia kuimba kwa kupiga makofi, na kwa kweli waimbaji wa sauti ya pili waligundulika hapo kwamba hawajui. Wengi walivumilia. Wengine walikuwa na midomo. Jumapili moja mama mmoja alinipisha njia pale mlangoni pa kanisa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mpisheni Bibi, tumshukuru kwa giza."

"Asante, mwanangu," nikamjibu. "Kweli ni zito, nami naliona."

Lililoniuma zaidi ni mtoto. Yule wa makande hakuwepo tena. Kila nilipofungua, alikuja yule wa magari mengi. "Nani mwenzangu?" Kila siku namweleza, kila siku hesabu inageuka kidogo na yeye ananisahau. Hakuniita Bibi. Nilijikuta namwelekeza njia: ukifika stendi uliza barabara ya mlimani, ukiona maporomoko mawili shika la kushoto. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kama anayemsikiliza mzee aliyechanganyikiwa.

Kisha maji yakapita chini ya jiwe.

Namkunda alinichukua nikaone. Tope la pembeni lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Alichuchumaa akaingiza kidole kwenye ufa, kikazama.

"Ufa huu utakuwa kiganja," akasema, "kisha mkono. Bibi, nilikuwa nikisema labda Ramli imekosea." Akalia. Nilikaa naye pale ukingoni nikamwacha alie, maana alikuwa amebeba mlima mzima bila kulia.

Hapo ndipo Semkiwa alipotukuta. Alikuwa amekuja kuangalia maji yao yametufikisha wapi. Alivua viatu, akashuka mpaka kwenye tope, akalikanyaga, akalifinya kwa vidole vya miguu.

"Udongo mzuri sana huu," akasema. "Mbona hamjakanyagisha?"

"Kukanyagisha nini?" Namkunda akafuta machozi.

"Ng'ombe."

Tulimtazama kama aliyetukana. Ndugu msomaji, kama si mtu wa Kivandeni huwezi kuelewa. Kwato haijawahi kukaribia ndiva tangu enzi za mababu. Ng'ombe akionekana ukingoni, mwenyewe hutozwa mbuzi, na mbuzi huliwa papo hapo. Mbugani wanajengea nini malambo yao, hatukuwahi kuuliza, na wao hawakuwa na sababu ya kutuambia.

"Sisi lambo jipya tunaliingizia ng'ombe wakati tope bado laini," Semkiwa akaendelea, akionyesha kwa ngumi zake mbili zinavyokandika. "Wanazunguka, wanazunguka, udongo unashikana kama unga wa chapati. Lambo la baba yangu halijavuja mpaka kesho."

Namkunda alikwenda mbio kuuliza Ramli. Alirudi na uso mgumu. "Inasema kwato huharibu ndiva."

"Imejuaje?" nikauliza.

Polepole nikaona macho yake yanabadilika. "Sisi ndio tuliiambia," akasema. "Tuliingiza sheria ya mababu. Kwato zinabomoa ukingo. Ukingo, Bibi! Ya chini ya ndiva haijui, kwa sababu hakuna ng'ombe aliyewahi kufika chini." Akamgeukia Semkiwa. "Mzee, una ng'ombe wangapi wa kuazima?"

"Wangu? Au wa Mbugani?"

"Wa Mbugani."

Semkiwa akacheka mara ya kwanza tangu alete ile ndoo. "Mwanangu, wewe tafuta njia ya kuwapitisha tu."

Kazi ya kumwambia Mzee Togolani niliichukua mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia kapakata mapajani.

"Ng'ombe," akasema. "Ndani ya ndiva."

"Ndiyo, Mzee."

"Wa Mbugani."

"Ndiyo."

"Baba yangu atafufuka, Bibi Nietiwe."

"Inawezekana."

Akavaa kofia yake. "Basi na afufuke, atatusaidia kuswaga."

*

Namkunda hakukubali kubahatisha. Alijaribu kwanza pembe moja kwa ndama wachache, akalowesha tope, akawazungusha, kisha akamimina maji na kusubiri. Maji yalisimama. Akapanga zamu: kila ukanda ukandwe pale maji yanapoondoka, kabla jua halijaushika. Penye nyufa walijaza udongo mpya na kuulowesha. Ukingoni tuliweka wanawake wenye matawi, kuhakikisha hakuna kwato inayogusa pasipotakiwa.

Asubuhi ya msaragambo baragumu lililia kwetu kama kawaida. Halafu, kutoka bondeni, tukasikia njuga.

Nimeishi sana na sikuwahi kuona barabara yetu imejaa hivyo. Ng'ombe weupe, wekundu, wa mabaka, wanapanda kwa taratibu kwenye ukungu, na nyuma yao watu wa Mbugani, wake kwa waume, wenye majembe, matenga ya udongo, watoto mgongoni. Mbele ya kundi alitembea fahali mmoja mkubwa aliyeitwa Diwani.

"Mbona Diwani?" nikamuuliza Semkiwa.

"Akifika mahali anasimama tu, haelewi kilichomleta."

Na kweli Diwani alipofika kwenye njia ya kushukia akasimama. Watu wakamsukuma, wakamvuta, wakamwimbia. Hakutikisika. Mwishowe Mzee Togolani, mwenye sheria zake, akakunja suruali, akashuka mbele yake kwenye tope na kumwita kwa lugha ya mlimani. Hatua ya tatu akateleza, akakaa chini kwenye matope pwaa! Diwani akamtazama, akashuka kumnusa. Kundi lote likamfuata.

"Mla makande!" Semkiwa akapiga ukelele toka juu. "Sikujua una kipaji!"

Tulikanda siku ile, na siku nyingine nyingi baada ya hapo. Ng'ombe wakichoka, watu wanaingia, mkono kwa mkono, mlima na tambarare, wanakanyaga wakiimba. Yule mama wa "tumshukuru kwa giza" nilimwona amebeba mtoto wa mama wa Mbugani ili mwenzake apumzike. Wakati wa chakula alikuja akaniletea uji, akakaa karibu yangu. Nilimshukuru kwa uji, naye akajua ni kwa nini.

Kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha karibu yote, tope la miaka na miaka lilikuwa wazi. Mikono ya Kivandeni peke yake isingelimaliza kamwe, hata mpango wa miaka sitini ulikuwa umelikatia tamaa. Mikono ya Mbugani ilipoongezeka tulilitoa lote, tukalimwaga kwenye migomba. Ndiva ikawa na kina ambacho hata mama yangu hakukijua.

Wakati wa mwisho mwisho umeme haukutosha hata kisimani. Tukakaa gizani wote, juu na chini, na maji yaliyokwisha kuchujwa yakagawiwa kwa vikombe. Ng'ombe wengine walidhoofu. Sisemi ilikuwa rahisi. Lakini hakuna aliyezikwa.

Kisha mvua ikaja.

*

Maji ya kwanza tuliyafungulia yaende mashambani, maana yalinuka zizi, na migomba mwaka ule ilizaa kama iliyorogwa. Ya pili tukayaacha. Kila asubuhi Namkunda alikwenda kuyatazama. Yalipanda, yakagusa jiwe, yakalimeza, yakaendelea, na yalipofika juu yakasimama pale pale bila kupungua. Alikuja nyumbani akiwa amelowa, akanikumbatia. Laini kubwa iliposimama tena, Mbugani hawakutaka kutegemea hiyo peke yake. Uwanda wao una jua kuliko mgongo wetu. Sola zinapangwa huko sasa, zitusaidie kupandisha maji. Na kwenye baraza wameweka kigoda cha pili. Kiko sawa na changu. Yule bibi wa Mbugani analalamikia magoti kuliko mimi.

Nilichelewa kumfungua mtoto. Niliogopa. Niliogopa kusikia magari, na "nani mwenzangu". Namkunda alikuwa ameshaiambia Ramli kila kitu, kwato, kina kipya, watu wa Mbugani kwa idadi yao. Alinibembeleza siku kadhaa. Mwishowe, mchana mmoja mvua imekatika, nikakaa kwenye kigoda changu nikamwambia haya, fungua. Semkiwa alikuwa pale na Mzee Togolani, wanabishana juu ya ile ndoo, kila mmoja anasema ni yake sasa.

Kwanza nikasikia njuga. Njuga nyingi. Halafu, mbali, mashine ya kusaga, na mtu analalamika kwamba debe lake limerukwa.

"Haloo?" Sauti inahema, kama ya mtu anayekimbia.

"Hujambo mwanangu. Jina lako nani?"

"Mimi Mwanahawa. Mwanahawa wa kwa Togolani, ila bibi yangu mzaa mama ni wa Mbugani. Wewe ni nani?"

Nyuma yangu ubishi wa ndoo ukakatika ghafla.

"Ni Bibi tu," nikasema. "Nilitaka kukuuliza umekula nini."

"Bibi, samahani, sina nafasi!" Njuga zikazidi. "Leo ni zamu yetu ya kukanyagisha, na huyu fahali amesimama njiani hataki kushuka. Nitakutafuta baadaye, sawa?"

"Sawa, mama. Kamsukume."

Akaniacha. Nilisikia miguu yake ikikimbia kwenye tope, na sauti yake ikiita, na watu wengi wakicheka, kisha Namkunda akafunga.

Nilikaa kidogo nikishukuru. Halafu nikanyoosha mikono yangu miwili, Semkiwa akashika mmoja, Mzee Togolani akashika wa pili, wakaniinua.